Haina Sukari

Jumamosi, 5 Oktoba

Mikorosho ya mama imeanza kuangusha. Leo tumeokota debe moja na nusu, mimi na mama, na mdogo wangu Fauzia ametusaidia kwa kutupiga picha. Ana wiki mbili tangu arudi kutoka Dar es Salaam alikokaa miaka tisa, na bado anatembea shambani kama anayeogopa kuamsha mtu. Mama alicheka muda wote. Sikumbuki lini alicheka hivyo akiwa na mimi.

Asubuhi nilimpima sukari kabla hajala. Nane nukta moja. Kwa mwanamke wa miaka sitini na nane anayeishi na kisukari mwaka wa sita huu, si mbaya hata kidogo. Hiyo nane ni kazi yangu. Naiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeiandika.

Jumatano, 9 Oktoba

Fauzia amepanga chumba cha mbele kwa Mzee Bakary, pale kando ya lami mabasi yanapopunguza mwendo. Amekipaka rangi ya kijani. Juu ya mlango ameandikisha DUKA LA UZIMA, na chini yake: Kula Vizuri, Ishi Sana.

Maneno hayo nimeyasema mimi hapa Tingi kwa miaka kumi na moja. Mimi ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Nimepita nyumba kwa nyumba na mizani ya watoto begani, nikiwaambia watu wasikoboe mahindi, wapike kisamvu, wasiache mbaazi. Walikuwa wakinijibu, "Sawa dokta," kisha wanapeleka mahindi kukobolewa. Yeye kayapaka rangi mara moja tu, na tayari watu wanasimama kuyasoma.

Jumapili, 13 Oktoba

Joto. Hakuna la kuandika.

Jumanne, 15 Oktoba

Duka limefunguliwa. Nilikwenda kwa sababu mama alisema nikiacha kwenda watu watasema.

Ni pazuri, siwezi kusema uongo katika daftari langu mwenyewe. Rafu zimepangwa kama za duka la dawa. Kuna biskuti za mtama, vipande vya korosho na tende, unga wa uji wa nafaka saba, juisi ya ubuyu kwenye chupa ndogo. Bidhaa zinakuja kwa basi kutoka Dar zikiwa katika maboksi makubwa, naye anazifunga upya kwenye pakiti za kuonyesha ndani na kubandika lebo yake ya kijani. Kila lebo imeandikwa: ASILIA. HAINA SUKARI.

Fauzia alisimama katikati, ushungi wake mweupe, akieleza kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio. Wanawake wale wale wanaosinzia nikizungumza mimi walikuwa wamenyoosha shingo. Bi Antonia, jirani yetu, ambaye nimemwomba mwaka mzima apunguze chumvi, alinunua pakiti nne za biskuti na kusema, "Asante dokta."

Alikuwa anamwambia Fauzia.

Nilikula vipande vitatu vya korosho nikiwa nimesimama nyuma ya mlango. Vitamu sana. Nilimwona mama akiniona.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sukari ya mama: nane nukta sita.

Alhamisi, 24 Oktoba

Siku hizi Fauzia, ambaye analala huko huko dukani, anakuja kwa mama kila jioni baada ya kufunga. Anakaa naye barazani, wanakunywa chai ya mchaichai na kula biskuti za mtama. Anamsimulia mambo ya Dar, mama anamsimulia mambo ya zamani ambayo mimi sijawahi kuyasikia. Leo nimejua kwamba mama aliwahi kuposwa na mtu wa kisiwa cha Songo Mnara kabla ya baba. Nimekaa naye nyumba moja tangu talaka yangu, miaka minane, na hilo nimelisikia kupitia dirisha nikiwa naosha sufuria.

Nilitoka na kipimo changu nikasema, "Mama, kidole."

Mama akatoa kidole bila kunitazama. Tisa nukta tisa.

"Joto hili," akasema.

Jumapili, 27 Oktoba

Dominick, anayesimamia sisi wahudumu wa afya wa kata hii, amepita kwa pikipiki. Nilidhani anakuja kuona ripoti yangu ya watoto. Kumbe alikuwa anatoka dukani kwa Fauzia, ana chupa mbili za ubuyu mfukoni. Amesema Siku ya Afya ya kata itakuwa tarehe thelathini Novemba, viwanja vya shule, na kwamba mdogo wangu atapewa nusu saa kuzungumza juu ya ulaji bora.

"Na mimi?"

"Wewe Biasha utatusaidia kwenye mizani, kama kawaida yako."

Kama kawaida yangu.

Ijumaa, 1 Novemba

Mnada wa kwanza wa korosho umepita. Bei nzuri, watu wana fedha, na fedha ya korosho safari hii inaishia kwenye rafu za kijani. Hata wanaume wanatafuna tende na korosho wakisubiri mabasi. Kijiji kizima kinabangua korosho, kisha kinakwenda kununua korosho zilizorudi kutoka Dar zikiwa zimegandishwa kwa kitu kitamu.

Jumapili, 3 Novemba

Leo nimeokota kitu kizito kuliko korosho.

Fauzia alimletea mama boksi tupu la biskuti kwa ajili ya kuwekea korosho za kubangua. Mama aliligeuza juu chini ili likae vizuri, na ndipo nikaona maandishi upande wa chini, madogo kama mayai ya chawa, kwa Kiingereza. Nilikaa nalo jikoni na simu, neno kwa neno. Unga wa ngano uliokobolewa, huo ndio wa kwanza. Sharubati ya glukosi, hiyo ndiyo ya pili. Mafuta ya mawese. Maltodekstrini, ambayo nimeitafuta na kukuta ni wanga unaogeuka sukari mwilini haraka kuliko sukari yenyewe. Mtama upo, ni wa tano. Ni mtama wa jina tu.

Nimefundishwa, na nimewafundisha wengine, kwamba kinachotajwa kwanza ndicho kingi. Na kwamba sukari ina majina mengi kuliko mtu anayekimbia mahakama.

Nilikata kile kipande cha boksi kwa kisu. Nimekibandika hapa, ukurasa huu. Niseme ukweli: nilifurahi.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeamua. Sitamwambia Fauzia peke yake, maana ataziondoa biskuti kimya kimya, atabandika lebo nyingine, na atabaki dokta. Nitangoja tarehe thelathini. Atazungumza nusu saa yake. Kisha nitaacha mizani, nitasimama, nitawasomea.

Sukari ya mama: kumi na moja nukta mbili.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimejaribu na mama. Niliona ni haki nijaribu na mama, japo siyo kwa kusema yote. Nilimwambia, "Mama, punguza hizi biskuti za Fauzia."

"Kwa nini? Hazina sukari."

"Punguza tu."

Alikuwa anabangua, vidole vyeusi kwa utomvu wa maganda. Aliacha kubangua. "Biasha, una wivu na mdogo wako. Tangu yuko mgongoni mwangu una wivu naye."

"Mimi nakwambia kama mhudumu wa afya."

"Wewe ukija kwangu unakuja na sindano. Mwenzio akija anakaa."

Ningeweza kufungua daftari hili papo hapo nikamwonyesha kipande cha boksi. Lilikuwa chini ya mto, hatua sita. Nilisimama, nikajisemea moyoni: haya, kula.

Nimeliandika kama nilivyolisema. Sitalifuta.

Jumanne, 12 Novemba

Mama amekanyaga kisiki shambani, mguu wa kushoto, kati ya kidole kidogo na cha pili yake. Hakusikia maumivu. Aligundua kwa damu kwenye kandambili. Nimemsafisha na kumfunga. Kumi na mbili nukta nane.

Alhamisi, 14 Novemba

Wingu zito mchana, watu wote wamekimbilia korosho zilizoanikwa. Haikunyesha.

Jumamosi, 16 Novemba

Fauzia kanifuata kisimani, yaani kanifuata mahali ambapo hajawahi kukanyaga tangu arudi.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba."

"Dada, nimeona umeandika kwenye kadi ya mama kumi na tatu. Mbona sukari inapanda? Nimempa vitu visafi tupu. Na mimi mwenyewe navila, mchana sili kingine."

Alikuwa amekonda usoni, nikaona sasa. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa darasa la kwanza na mimi la saba, akinisubiri nimsomee swali la hesabu. Aliniuliza swali lenye jibu, na jibu nilikuwa nalo, na hakukuwa na mtu mwingine pale kisimani.

Nikamwambia, "Joto. Na mabibo. Mama anakula sana mabibo ya mikorosho yake, matunda matamu yale."

"Basi nitamkataza mabibo."

"Mkataze."

Alinisaidia kujitwika ndoo. Njiani maji yalikuwa yananimwagikia shingoni, na nilikuwa nazihesabu siku: kumi na nne zimebaki.

Jumanne, 19 Novemba

Mama haruhusiwi mabibo. Amebaki na biskuti. Anazila zaidi, kufidia.

Kidonda kina weupe pembeni. Nimeosha kwa maji ya chumvi, nimebadilisha kitambaa. Kumi na tano. Nimemwongezea maji ya kunywa, nimehakikisha vidonge vyake anameza mbele yangu. Nafanya kila kitu isipokuwa kimoja.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimeandika hotuba yangu. Ina kurasa tatu. Nimeisoma kwa sauti kuwasomea kuku. Ni nzuri.

Mama anakwenda msalani mara kwa mara, analalamika kiu. Nimemwambia Jumatatu tutakwenda kituo cha afya. Leo ni Ijumaa, kesho Jumamosi, mwisho wa wiki wahudumu ni wachache. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Jumapili, 24 Novemba

Siku sita tu.

Jumanne, 26 Novemba, hospitali ya wilaya, Kivinje

Naandika nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Nitaandika kwa mpangilio, labda nikiandika kwa mpangilio nitaelewa.

Jana saa moja asubuhi nilimpelekea mama chai. Alikuwa ameketi kitandani, anaongea na baba, ambaye amekufa mwaka wa kumi na mbili sasa. Alimwambia aondoe mbuzi kwenye mikorosho. Pumzi yake ilikuwa nzito na inanuka kama matunda yaliyochacha. Hiyo harufu nimeifundisha. Nina mchoro wake kwenye karatasi za kufundishia, mwanamke na kiwingu mdomoni. Nilichukua kipimo. Hakikutoa namba. Kilitoa neno tu, lile linalomaanisha sukari imepita uwezo wa kipimo kuihesabu.

Nilifungua kitambaa cha mguu. Kidole kidogo kilikuwa cheusi. Juzi hakikuwa cheusi. Naapa juzi hakikuwa.

Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Bi Antonia alikuja mbio na unga mikononi. Musa, dereva wa bajaji wa hapa kijijini, aliileta mpaka mlangoni, akapita juu ya korosho zetu zilizoanikwa, zikawa zinalia chini ya matairi. Fauzia alitufuata barabarani bila ushungi, anavaa kiatu kimoja huku anakimbia. Tulimlaza mama mapajani mwetu, kichwa kwangu, miguu kwake. Kutoka Tingi mpaka Kivinje Fauzia alishika ule mguu mgonjwa mikononi kama mtu anavyoshika kuku wa mwenzake, kwa uangalifu na bila kujua amshikeje, akisoma Yasin kwa sauti ya chini, anakosea, anarudia.

Hospitali walimwekea dripu mbili. Muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu, alituuliza, "Nani anamhudumia nyumbani?"

"Mimi," nikasema. "Ni mhudumu wa afya wa kijiji."

Alinitazama, halafu akautazama mguu, halafu akanitazama tena. "Anakula nini?"

Kabla sijafungua mdomo Fauzia alijibu. Alijibu kwa matumaini, maskini, kama mwanafunzi anayejua swali hili. "Anakula vizuri sana, sista. Hatumpi sukari kabisa." Akafungua mkoba, akatoa pakiti ya biskuti yenye lebo ya kijani, akamkabidhi.

Muuguzi alivunja kidogo, akaonja. Akatafuna polepole. "Hii umetengeneza wewe?"

"Zinatoka Dar. Mimi nafunga tu. Wenye kiwanda waliniambia ni utamu asilia."

"Boksi lake umelisoma?"

"Ni Kiingereza, herufi ndogo. Lakini waliniambia."

"Mwanangu," muuguzi akasema, na hakusema kwa ukali, "huu ni unga mweupe na sukari. Hata ingekuwa asali ya nyuki wa peponi, mgonjwa wa kisukari huwezi kumpa pakiti kwa siku. Ulikuwa unampa ngapi?"

Fauzia aliitazama pakiti mkononi mwa muuguzi. Bi Antonia, aliyetufuata kwa bodaboda, alikuwa amesimama nyuma yetu, anasikia kila neno. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, na daftari hili lilikuwa kwenye mkoba wangu, na kile kipande cha boksi kilikuwa ndani yake.

Sikusema kitu.

Alasiri tulikaa benchi hili wawili. Fauzia alikuwa amelia mpaka amekauka. Akasema, bila kunitazama, "Unakumbuka Ramadhani ulinipigia simu? Uliniambia umechoka. Ulisema mama hali unachompikia, unampima peke yako, huna wa kukushika mkono. Nilikuwa nimeshaachika miezi mitatu, sikuwa nimewaambia. Nikajiuliza, nina nini cha kumpelekea dada? Pale mtaani kulikuwa na duka la vyakula vya afya, wanawake wa magari wanajaa. Nikasema hiki ndicho. Mama atakula vitamu bila dhambi, na dada atapumzika."

Nilikumbuka simu ile. Nilikuwa nimepiga ili ajilaumu. Sikuwa nimepiga ili aje.

Alhamisi, 28 Novemba

Wamekata vidole viwili. Daktari amesema kama tungechelewa siku mbili ungekuwa mguu. Kisha akasema kitu ambacho aliniambia mimi kwa sababu mimi ni mwenzake wa kazi: "Na mngewahi wiki mbili, tungeosha tu."

Jumamosi, 30 Novemba

Siku ya Afya. Nimesikia imefanyika. Dominick alituma ujumbe wa pole.

Mama ameamka, ana akili zake. Sukari kumi nukta nne. Aliuliza Fauzia yuko wapi. Nikamwambia kaenda Tingi kuleta nguo.

Jumatatu, 2 Desemba

Bi Antonia amefika kutuona, na habari zimefika pamoja naye. Kijiji kizima kinajua. Watu wamekwenda dukani na pakiti mikononi wakazitupa mlangoni. Kuna aliyeandika kwa mkaa kwenye ukuta wa kijani: KALA VIDOLE VYA MAMA YAKE. Mzee Bakary ameomba chumba chake.

"Sisi tulidanganyika na rangi, dokta," Bi Antonia aliniambia akinishika mkono. "Wewe ulikuwa unatuambia siku zote."

Dokta. Imerudi. Nilikuwa nimeitaka kwa wiki saba, na iliponifikia nilitaka kunawa mkono alioushika.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana. Korosho ambazo hazikuokotwa zitaoza chini.

Jumatatu, 9 Desemba

Tumerudi nyumbani. Mama anatembelea kisigino na fimbo. Fauzia amehamia kwetu kwa sababu hana tena chumba. Analala chini kwenye mkeka chumbani kwa mama, anapika, anafua vitambaa vya kidonda. Nikimwambia "pole na kazi" ananijibu "tumeshapoa." Chakula ni kisamvu, dagaa, ugali wa dona kidogo. Anapika kile nilichokuwa nikikisema miaka yote, na anapika vizuri kuliko mimi. Nimeuhisi tena ule mchomo, hata sasa, hata baada ya haya. Nimeshangaa ulivyo mzima.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimemwambia.

Alikuwa uani anatwanga kisamvu. Nilileta daftari, nikafungua ukurasa wa tarehe tatu Novemba, nikamwekea kile kipande cha boksi juu ya kinu. Alifuta mikono, akakishika. Hakuelewa kwanza. Nikamwambia, "Hiki nilikikata mwezi uliopita. Nilikisoma chote."

"Lini?"

"Tarehe tatu. Soma, nimeandika."

Alisoma. Alisoma mpaka ukurasa wa kisimani, nikajua kwa sababu midomo yake iliacha kucheza. Alikuwa ameshasoma na ile "haya, kula." Alifunga daftari polepole, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anavyomrudishia mgeni kitu chake.

"Siku ishirini na mbili nilinyamaza, mpaka asubuhi ya bajaji," nikasema.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikufuata kisimani nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia mabibo."

Alirudi kwenye kinu, akatwanga mara mbili tatu, akaacha. "Umekuja kuniambia mimi ili upumzike. Mimi sina pa kukupumzisha. Mimi nilikuwa mjinga, nimekubali, nilibandika lebo nisiyoijua. Kila anayenitukana nampa haki yake. Lakini wewe wanakuamkia. Kawaambie hao."

"Fauzia, mdogo wangu."

"Kawaambie."

Jumapili, 15 Desemba

Sijalala vizuri. Nikiwaambia, nani atanifungulia mlango tena nimpime mtoto? Miaka kumi na moja.

Nikiacha kuwaambia, naona nitaishi vizuri sana. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 18 Desemba

Leo ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, kwenye banda la zahanati. Walikuja akina mama kama thelathini na tano. Nilipima wote kwanza, niliona si haki watoto wakose mizani kwa sababu yangu. Fauzia alikuja na kukaa mwisho kabisa, karibu na nguzo. Wanawake waliokuwa benchi lile walisogea, wakamwachia nafasi kubwa isiyohitajika.

Nilisimama. Sikuwa na ile hotuba ya kurasa tatu, nimeiunguza. Nilisema biskuti zile zina sukari, hilo mnajua. Nikasema mdogo wangu hakujua. Nikasema, "Mimi nilijua. Nilijua tarehe tatu mwezi wa kumi na moja. Nilinyamaza ili nije nimwaibishe mbele yenu Siku ya Afya. Nilikuwa naosha kidonda cha mama kila siku na nilikuwa nimenyamaza. Aliniuliza, nikamdanganya. Aliyekula vidole vya mama yake ni mimi."

Mtoto mmoja alikuwa analia na mama yake hakumbembeleza. Bi Antonia alikuwa ameshika mdomo. Mwanamke mmoja wa upande wa mabondeni, ambaye nilimzalisha njiani mwaka juzi, alisimama, akafunga mtoto mgongoni, akatoka. Wakamfuata wanne. Nilihesabu, ndiyo tabia yangu.

Kisha Bi Antonia, kwa sauti ambayo haikuwa ya kunipenda wala kunichukia, akasema, "Haya. Tumesikia. Sasa mimi nyumbani nina ule unga wa nafaka saba, nampa mjukuu. Na ubuyu. Hivyo navyo vipi?"

Nikasema sijui, sijasoma boksi lake.

"Usituambie usichokijua, basi," akasema. "Tukavisome."

Nilipotazama kwenye nguzo, Fauzia hakuwepo.

Nilifika nyumbani saa tisa. Mama alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda. Habari zilikuwa zimemtangulia kufika, kama zinavyofanya hapa. Nilipiga magoti mbele yake, nikataka kuanza kusema, akaniinulia kiganja.

"Sina nguvu ya kuzisikia mara mbili," akasema. "Nina hasira na wewe, Biasha. Nitakuwa nayo muda. Usinibembeleze nayo."

"Sawa mama."

"Umenipima leo?"

"Bado."

Akatoa kidole. Saba nukta nane. Alinitazama nikiandika kwenye kadi, kisha akasema, "Kaa."

"Nikaandae chakula."

"Nimesema kaa."

Nikakaa. Labda ni nusu saa. Mvua ndogo ilipita, ikaacha. Sikuwa na kazi, na mikono sikujua niipeleke wapi. Mwishowe akauliza, "Mwenzio yuko wapi?"

"Aliondoka kabla sijamaliza."

"Kamtafute."

Nilimkuta nyuma ya lile duka la kijani. Alikuwa na ndoo na brashi, anasugua maandishi ya mkaa ukutani. Alikuwa amefikia neno la pili. Nilisimama, nikasema nimewaambia wote. Akasema amesikia, alikuwa nje ya banda, chini ya dirisha, mpaka mwisho. Hakugeuka.

Niliuliza kama kuna brashi nyingine.

"Hakuna," akasema.

Nilivua ushungi wangu, nikauchovya kwenye ndoo, nikaanza upande wangu, neno la mwisho, nikija kwake. Hakunizuia. Tulisugua mpaka adhana ya magharibi, na sehemu ya ukuta iliyobaki katikati yetu ilikuwa bado na herufi nne.